Mnana Aliyesukia Ng'ambo

Paukwa!

Mbona mnanong'ona, hamjala? Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Ehee, sasa mko nami.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mnana. Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano, fundi wa kusuka viota. Alikuwa na mkewe, na mkewe alikaribia kutaga. Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya.

Siku moja Simba, mfalme, akaita baraza. Akasema, "Nchi yetu maskini. Ng'ambo ya mto wana chumvi, sisi hatuna. Lakini kusuka viota hawajui. Basi tutawauzia viota! Tembo ana nguvu, Tembo anavuka mto. Kuanzia leo ukindu wote ni wa Tembo. Anayetaka kusuka, asuke kwa Tembo."

Wanyama wakashangilia. Hata Mnana alishangilia, maskini wa Mungu.

Akaingia kazini. Suka, vuta, funga. Suka, vuta, funga. Tembo anapakia mgongoni, anavuka mto, chubwi chubwi chubwi, anarudi na chumvi. Na chumvi ilikuja kweli, jamani, siwadanganyi. Barabara ikachongwa. Tembo akanenepa, Simba akanenepa.

Mke wa Mnana akauliza, "Mume wangu, na sisi je? Mayai yamenijaa tumboni."

"Vumilia, mke wangu. Nitamwomba Tembo."

Akaenda. "Bwana Tembo, nipe ukindu kidogo nimsukie mke wangu."

"Huo ni wa ng'ambo."

"Basi nipe kiota kimoja kilichokosewa."

"Vilivyokosewa tunavichoma moto! Vikionekana, jina la nchi litachafuka. Subiri, ndugu yangu. Mwaka huu wageni, mwaka ujao sisi."

Akaenda kwa Simba. Simba akamwambia, "Mnana, wewe ndiye fahari yetu. Wewe nawe unataka kuturudisha nyuma?" Mnana akaona haya. Akarudi kusuka.

Mkewe akataga kwenye panda ya tawi, juu ya manyoya aliyojinyonyoa mwenyewe. Akayalalia mayai yake hapo, hana paa.

Mvua ikaja. Ngurumo, gu-gu-gu-gu! Upepo, vuuuu! Mnana yuko bandani kwa Tembo, amezungukwa na viota chungu nzima, anamalizia mzigo. Akasikia mkewe analia. Akaruka mbio. Alipofika, mayai yalikuwa chini, yamepasuka, na mkewe ameyafunika kwa mbawa kana kwamba yangali mazima. Mimi hapa huwa nashindwa, jamani. Ngojeni kidogo.

Haya. Simba akasikia habari. Uchungu ulimwingia, nisimsingizie. Akaagiza Mnana apewe mzigo mzima wa ukindu. Mnana akasuka kiota ambacho hata ng'ambo hawajawahi kukiona. Akamwita mkewe. Mkewe akaja, akachungulia ndani. Hakuingia.

"Kizuri," akasema. "Ungenipa kibovu juzi."

Akaruka, akaenda kulala kwenye tawi tupu.

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: kuuza nje si kosa, chumvi tunaila sote. Kosa ni kumwambia anayesuka asubiri, na mvua haimsubiri.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka iishe vizuri, akamwulize Simba.