Mlinzi na Ndege wa Kilima cha Pili

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Na nyinyi wa huku mbele mnaoangalia saa, tulieni, chakula cha mchana hakitawakimbia.

Alikuwako mlinzi mmoja wa msitu. Msitu wenyewe ulibaki juu ya kilima tu, huko chini kote ni mahindi na viazi. Ndani yake waliishi ndege wadogo wenye koo la manjano, ambao mlinzi huyu aliwapenda kupita kiasi. Miaka ishirini na miwili! Alijua kila kiota kilipo. Wachoma mkaa walimwogopa kuliko polisi. Mkewe alizoea kumwambia, "Laiti ningeota manyoya, labda ungeniuliza nimeamkaje."

Lakini ndege wakawa wanapungua, kutoka mia mbili mpaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyewawinda, hakuna mti uliokatwa. Mayai yalitagwa, mama akayaatamia kwa uvumilivu wote, halafu yakawa viza. Hebu fikirini: unakilinda kitu kwa moyo wako wote, nacho kinakufia mikononi. Mzee yule alilia, nawaambieni. Alilia peke yake msituni.

Ndipo akaja mama mmoja mtaalamu wa ndege. Akatega nyavu laini, kila ndege akamtoa tone la damu dogo kuliko kichwa cha kiberiti, akamwachia aende zake. Mlinzi alikuja akitarajia kuona mikono inayonyakua, akaona mikono inayobembeleza, roho yake ikatulia.

"Hiyo damu utaifanyia nini, mwanangu?"

"Nataka kujua ukoo wao, baba."

Mzee akacheka. "Ndege nao wana ukoo?"

"Wanao. Kwetu kijana akitaka kuoa, wazee wanauliza ukoo wa binti mpaka kwa bibi wa bibi yake, wasije wakaoana ndugu. Ndege hana wazee wa kumuulizia. Lakini amebeba vinasaba ndani ya damu, alivyorithi kwa baba na mama yake, na humo ukoo wote umeandikwa."

Jamani, si maajabu hayo? Mungu ameandika habari za ukoo mzima ndani ya tone moja, na akampa binadamu akili ya kuzisoma!

Miezi ikapita, mama yule akarudi na majibu ya maabara. Akasema, "Baba, hawa wote ni ndugu. Mashamba yamewazunguka, hawatoki, hakuna anayeingia. Wameoana wao kwa wao mpaka uzao umedhoofika. Ila kiota kimoja, kile cha karibu na chemchemi, mayai matatu yametoa vifaranga watatu, wote wana nguvu. Baba yao si wa hapa. Vinasaba vyake ni vya ndege wa kilima cha pili, kile cha ng'ambo. Alivuka mashamba yote yale peke yake. Yeye mwenyewe sikumpata nyavuni. Kama angebaki, baba, ningekuwa na matumaini."

Mlinzi alimjua ndege huyo. Alikuja na mluzi wa ajabu unaokatika katikati, na mzee akasema huyu si wetu, atawaharibia watoto wimbo. Akachukua kombeo. Siku tatu alimrushia mawe, mpaka akaondoka.

"Mwanangu," alisema, "huyo nilimfukuza mimi."

Ni wangapi hapa tungeyasema hayo? Mama yule asingejua kamwe! Mimi namheshimu mzee huyu kwa miaka yake ishirini na miwili, lakini kwa maneno yale manne namheshimu zaidi.

"Sasa tufanye nini?" akauliza.

"Twende tukalete wengine."

Wakaenda kilima cha pili. Waliporudi na ndege wanne, mzee alikataa mtu mwingine ashike kizimba. Alipita kwenye matuta ya viazi hatua kwa hatua, asiwatikise. Msimu uliofuata vifaranga walitoka katika viota vinane. Mluzi ule unaokatika ukaenea msitu mzima, na mzee mwenyewe akajifunza kuupiga.

Sasa tuje kwetu sisi. Kanisa hili lina koo tano, na kila ukoo una benchi lake. Nyimbo zetu tumezilinda, viti vyetu tumevilinda. Lakini niambieni, mara ya mwisho tulimbatiza lini mtu asiye mtoto wa mmoja wetu? Naona mnahesabu. Msijisumbue, ni miaka tisa.

Mnaikumbuka ile familia iliyotoka bondeni? Waliimba kwa namna ya kwao, kwa makofi, na watu wakageuka kuwatazama. Walikuwa wamekaa hapa mbele. Nani aliwafuata akawanong'oneza kwamba kiti hicho kina mwenyewe?

Msitafutane kwa macho. Ni mimi. Mchungaji wenu. Niliwaelekeza nyuma kabisa, karibu na mlango, na Jumapili iliyofuata hawakuja. Niliona hawapo, nikaendelea na ibada.

Kesho saa moja asubuhi nateremka bondeni kuwaomba radhi na kuwaomba warudi. Sitaki kwenda peke yangu. Nani atafuatana nami?