Bila Ambakisye Kazi Haiendi

Hii nimeikuta kwenye kundi la watu niliosoma nao chuo, nikaona nisiilalie. Ni fupi kuliko mabishano ya kamati ya harusi, kwa hiyo isome mpaka chini. Ukimaliza utajua mwenyewe wa kumpelekea, maana kila ofisi anaye mmoja.

Kulikuwa na kituo cha utafiti wa mbegu huko nyanda za juu, kule ambako watu huenda kazini na masweta hata jua likiwaka. Mkuu wa kituo alikuwa mama mtu mzima, Dokta Tusekile. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alichokiandika hakukifuta.

Chini yake walikuwepo watafiti wawili. Ambakisye alikuwa mtu wa maharage, mwaka wa kumi na moja sasa. Edina alikuwa mtu wa viazi mviringo, na alikuwa na miaka mitatu tu pale kituoni.

Ambakisye aliijua kazi yake, hilo hakuna aliyebisha. Tatizo ni kwamba aliijua peke yake. Vipimo vyote vya mashamba viliingia kwenye laptopu yake, na laptopu ilikuwa na paswedi ambayo hata mkewe hakuijua. Wasaidizi wake wakitaka kitu, walimsubiri atoke mkutanoni. Akisafiri, walisubiri arudi. Akiwahurumia aliwapa kipande kwenye flashi, na vipande vyenyewe vilikuwa na majina haya: MAHARAGE FINAL, MAHARAGE FINAL MPYA, MAHARAGE FINAL YA MWISHO, MAHARAGE FINAL KABISA. Nacheka, lakini hata mimi ninayo ya namna hiyo.

"Watu wakijua kila unachokijua, wewe una kazi gani tena?" alipenda kumwambia mkewe.

Edina alipofika alizikuta habari za viazi kwenye madaftari, mengine yamegugunwa na panya. Fungu la kununua programu halikuwepo, akatafuta za bure. Wasaidizi wake wakaanza kuingiza vipimo kwa simu, wakiwa humo humo shambani, kwa KoboToolbox, ambayo haidai mtandao mpaka wakati wa kutuma. Makala walizosoma wakaziweka kwenye maktaba moja ya Zotero, kila mmoja akiona mwenzake amesoma nini na ameandika nini pembeni. Hesabu walizifanya kwa R, programu ya bure ya takwimu. Ripoti waliiandika wote kwenye waraka mmoja wa mtandaoni, unaoonyesha nani kabadili nini na lini.

Kila Jumatano saa nane mchana walikaa saa nzima, mmoja akiwafundisha wenzake alichojifunza wiki ile kwenye masomo ya bure ya mtandaoni. Mwanzoni walikosea sana. Kuna siku mtu alibonyeza vibaya akafuta shamba zima la viazi, Edina akaenda kulia chooni, kisha wakagundua kuwa nakala ya jana yake ipo.

Ambakisye alikuwa akipita mlangoni kwao anawatania.

"Dada Edina, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizo programu zingekuwa za maana wangekupa bure?"

"Kaka Ambakisye, kwani hiyo yako uliinunua duka gani?"

Watu wakaangua kicheko. Kituo kizima kilijua kwamba programu yake ya hesabu aliinakili kwa rafiki, ikiwa imevunjwa kufuli, na kila asubuhi ilimpa onyo jekundu ambalo alilifunga haraka kabla mtu hajaliona.

Basi ikaja nafasi ya masomo ya shahada ya uzamivu. Nafasi ilikuwa moja, na sharti lilikuwa mtafiti asizidi miaka arobaini na mitano. Ambakisye alikuwa anatimiza miaka hiyo hiyo. Mara mbili huko nyuma nafasi kama hiyo ilikuja ikaenda kwa watu wengine, na yeye hakuwahi kuelewa kwa nini. Hii ilikuwa ya mwisho kwake, na aliitaka kuliko kitu chochote.

Dokta Tusekile akawaita wote wawili.

"Mnaifaa wote, kwa hiyo nitawapima. Jumatatu mpaka Ijumaa mtakaa nyumbani. Simu mtaniachia mimi, laptopu mtaziachia timu zenu. Ijumaa kamati ya kupitisha mbegu mpya inakuja kusikiliza matokeo ya msimu, na watakaoeleza ni wasaidizi wenu."

"Na sisi tufanye nini, Mama?" Edina akauliza.

"Limeni bustani."

Ambakisye alitoka ofisini mle akijizuia kucheka. Aliona mtihani umetungwa kwa ajili yake. Siku tano bila yeye, maharage yatakwama, na hapo ndipo watu watakapojua nani ni nani. Edina alitoka ameinamisha kichwa.

Jumatatu Ambakisye akapanda mchicha, anapiga mluzi. Jumanne akauwekea mbolea. Jumatano mchana pikipiki ikasimama nje, akashuka Mzee Kihwele, msaidizi wake mkubwa, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Baba, tumekwama. Tuna mafaili manne na hayafanani. Moja linasema mbegu mpya inatoa magunia nane kwa ekari, jingine linasema kumi na moja. Tupe paswedi tu, tukaangalie kwenye laptopu lipi ni la kweli."

"Mzee Kihwele, mimi nimeambiwa nikae nyumbani. Amri ni amri."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

"Na wakulima, baba? Ugonjwa umekula maharage yao msimu uliopita. Mbegu isipopita Ijumaa, inangoja mwaka mwingine."

"Mzee wangu, mimi wiki hii ni mkulima wa mchicha."

Mzee Kihwele alimtazama, akamaliza chai aliyopewa, akashukuru, akaondoka. Mke wa Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Baba Lusajo, huyu mzee ametoka mbali."

"Acha wanitafute. Wiki hii moja tu, wanitafute."

Kwa Edina hakuja mtu. Alisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani, na hakuna iliyosimama. Ikafika Alhamisi akamwambia dada yake, "Hawanihitaji. Nimejimaliza kwa mkono wangu mwenyewe."

Ijumaa kamati ikafika. Timu ya viazi ilieleza kwa muda mfupi. Mjumbe mmoja akaitilia shaka tarakimu moja, binti aliyekuwa anaeleza akaifungua, akamwonyesha ilitoka shamba gani, siku gani, na nani aliipima. Mbegu ya viazi ikapita.

Timu ya maharage ikasimama. Mzee Kihwele alisema ukweli, kwamba wana majibu manne na hawajui lipi la kweli. Mbegu ya maharage ikaahirishwa mpaka msimu mwingine. Ilikuwa mbegu nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayeisimulia.

Jumatatu Ambakisye akaja kazini na shati jipya. Habari za maharage alikuwa ameshazisikia getini, naye alipoingia kwa Dokta Tusekile uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupongezwa.

"Ambakisye, umethibitisha," akasema yule mama. "Bila wewe kazi ya maharage haiendi."

"Ahsante, Mama."

"Ndiyo maana huwezi kwenda masomoni."

Ambakisye alidhani amesikia vibaya.

"Nilisema mkae nyumbani," mama akaendelea. "Sikusema msijibu mkiulizwa. Ila hata ungewapa hiyo paswedi, jibu langu lingekuwa hili hili. Kaa chini."

Akafungua jalada la Ambakisye, akatoa karatasi ya kwanza. Ilikuwa fomu ya miaka sita iliyopita. Dokta Tusekile mwenyewe alikuwa amempendekeza Ambakisye kwa masomo, tena kwa maneno mazuri ambayo Ambakisye hakuwahi kuyasikia kinywani mwake. Chini kabisa palikuwa na swali: Nani atashika kazi yake akiwa hayupo? Mbele ya swali hapakuwa na kitu.

Karatasi ya pili ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Maneno yalikuwa mazuri zaidi. Swali lilikuwa lile lile, na pengo lile lile.

"Mara zote mbili nilikuuliza unipe jina. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Ambakisye alikumbuka. Alikuwa amejibu akicheka, "Mama, hapa hakuna anayeiweza." Siku zile alidhani anajisifia.

"Ningeandika nini pale?" mama akauliza. "Fomu isiyo na jina huko juu haipitishwi. Nafasi mbili zile hukunyang'anywa na mtu."

Kisha Dokta Tusekile akatoa karatasi ya tatu, akaiweka mezani taratibu.

Haikuwa ya masomo. Ilikuwa fomu ya ruhusa, mwandiko wa Ambakisye mwenyewe, akiomba siku nne kwenda kumzika mama yake mdogo, yule aliyemlea tangu ananyonya. Chini palikuwa na neno moja la kalamu nyekundu: Hapana.

"Ripoti ya mwaka ilikuwa ndani ya laptopu yako, na kamati ilikuwa inakuja kesho yake. Nilitafuta mtu wa kuishika nikamkosa. Nikaandika hilo neno kwa mkono wangu huu. Ulininunia miezi miwili, na mimi sikukulaumu."

Ambakisye aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Kwa miaka miwili alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba bosi wake ana roho mbaya. Ndugu nao hawakuacha kumuuliza ni kazi gani hiyo isiyomruhusu mtu kuzika. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Edina naye?" akauliza mwishoni.

"Nilipomuuliza nani atashika viazi, alinitajia watu wanne, akashindwa kuchagua. Anaondoka mwezi wa nane."

"Na mimi basi tena, Mama."

"Basi tena. Umri umepita, siwezi kukudanganya." Akakusanya karatasi zake. "Baba yako ana miaka mingapi sasa?"

"Themanini na mitatu."

"Anaendeleaje?"

"Anaumwa-umwa tu, Mama."

"Basi nenda kafundishe watu."

Ambakisye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha maharage. Mzee Kihwele na wenzake watatu walikuwa bado wanalinganisha yale mafaili manne. Hakukaa kwenye kiti chake. Aliifungua laptopu, akaisogeza mbele ya Mzee Kihwele, akavuta stuli akakaa nyuma yao, akasema, "Naombeni mnisamehe. Tuanze na mwaka wa kwanza."

Iliwachukua miezi mitano kuhamisha kazi ya miaka kumi na mmoja na kuiweka mahali ambapo kila mmoja wao anaweza kuifikia. Mwezi wa sita tangu waanze, baba yake akazidiwa. Ambakisye aliomba ruhusa ya wiki tatu, Dokta Tusekile akaitia sahihi bila kuuliza swali, na mzee yule alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Funzo: Anayefungia ujuzi wake ili asiachwe, hujifungia na yeye humo ndani. Zana za kujifunza na kufanya kazi pamoja zipo, na nyingi ni za bure. Wagawie wenzako unachokijua, ili siku utakapohitajika kwingine uwe na ruhusa ya kwenda.