Fungu la Ukoko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Sogeeni bwana, nisije nikahadithia majivu.

Hapo kale na kale, wanyama walichimba kisima kwa pamoja. Kila mchimbaji alipewa sahani ya wali kutoka sufuria moja kubwa. Mpishi alikuwa Nguchiro. Hakulipwa kitu, desturi ilisema ukoko ni wa mpishi, na ukoko wa mpishi hauulizwi.

Kanga, mjane wa watu, alichimba kwa ajili ya makinda yake. Sahani yake aliibeba nyumbani, wakala wote. Lakini siku hadi siku wali ule ukapungua, ukapungua, ukapungua, hata yule kinda mdogo akawa hana nguvu ya kusimama. Kanga akaogopa sana. Akaenda jikoni.

Lahaula! Akamkuta Nguchiro anachochea kuni kwa makusudi, wali wa chini unaungua, ukoko mnene kama kigae. Fisi yuko mlangoni na kikapu, anaununua kwa kauri, ndizo pesa za enzi hizo. Nguchiro anazitia kauri kwenye chungu alichokifukia nyuma ya mafiga.

"Kaka Nguchiro, unaunguza chakula chetu!"

"Taratibu, dada Kanga. Shika hizi kauri, kawanunulie watoto chochote. Ila funga mdomo."

Kanga akazipokea. Njaa ya mtoto si mchezo, nyie! Lakini usingizi hakuupata.

Asubuhi akazimwaga barazani, mbele ya wachimbaji wote na Kobe, mkuu wa kisima.

"Mzee Kobe, nimepewa hizi ninyamaze. Na wewe ulipewa?"

Kobe akaingiza kichwa gambani.

"Kima, na wewe ulipewa?"

Kima akajikuna.

"Punda, na wewe ulipewa?"

"Kumbe!" Punda akamaka. "Nilidhani ni mimi peke yangu!"

"Jamani," Kanga akasema kwa uchungu, "tumehongwa kwa mchele wetu wenyewe!"

Kisha Kobe akatoa kichwa, akaamuru chungu kifukuliwe. Kauri zikanunua mchele, ukoko ukagawanywa kwa wote, na Nguchiro akapewa sahani kama wenzake, amenuna huyo! Tangu siku ile, katika nchi yao, mali iliyofichwa isiyo na wa kuiuliza huitwa fungu la ukoko.

Jioni Kanga alirudi na sahani imejaa. Kinda mdogo akala, akala, akala, akasinzia na punje mdomoni. Mama yake hakuitoa.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Anayetaka kuivuta zaidi, aivute mwenyewe.