Jina Lililozidi Nafasi Moja

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ya juzi tu ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mji wa milimani wenye baridi ya kukausha masikio. Katika mji huo palikuwa na karakana, na katika karakana hiyo walikuwamo wanawake wawili waliopendana na kugombana kama mtu na shangazi yake.

Mkubwa aliitwa Bi Eliwaza. Alivaa miwani mizito na aliongea kidogo. Mdogo aliitwa Zawena, naye aliongea kwa niaba ya wote wawili. Kazi aliyokuwa nayo Zawena mikononi, yote alifundishwa na Bi Eliwaza. Walikuwa wakitengeneza vitanda vya joto, vile vya kioo wanavyolazwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Mafundi wengine walishika vioo na nyaya. Wao wawili waliandika programu, yaani yale maagizo yanayokiambia kitanda: pasha, punguza, piga kelele. Waliyaandika kwa lugha ya C.

Sasa lugha ya C nayo, msiione hivi. Ni kongwe, ni nyepesi, ina mbio, na mashine ndogo inaipenda. Lakini haijui kusema "ngoja kwanza." Ukiiambia mimina, inamimina. Haikuulizi kama chombo kina nafasi. Kikijaa, kinachozidi kinamwagikia chombo cha jirani, jirani analoa, na hakuna atakayekuja kukugongea mlango kukuambia.

Bi Eliwaza aliijua tabia hiyo tangu ujana wake. Kwa hiyo kila alipotenga kisanduku cha kuwekea maneno katika kumbukumbu ya mashine, nyuma ya kisanduku aliweka namba moja ya siri. Namba hiyo haikuwa na kazi ila kukaa. Aliiita mlinzi. Kila sekunde programu ilimwendea mlinzi na kumtazama. Yuko vilevile? Endelea. Amebadilika? Basi kuna kilichomwagika: zima joto, washa taa nyekundu, piga kelele.

"Bibi, walinzi wako wanakula nafasi bure," Zawena alikuwa akimtania. "Miaka mitatu hawajabweka hata mara moja."

"Mbwa asiyebweka hajafa, mwanangu."

"Lakini anakula."

"Mwache ale."

Zawena alicheka, akamwandalia chai. Lakini moyoni hakukubali. Vitanda vinne vilivyotoka mwisho vilibanwa na nafasi, na Zawena akawaondoa walinzi humo kimyakimya. Hakumwambia mtu.

Kisanduku cha jina la mtoto alikiandika Zawena mwenyewe. Alikipa nafasi arobaini, na akaweka na kipimo mlangoni: jina likizidi herufi arobaini, likataliwe. Alijivunia kipimo kile. Kumbe alisahau jambo moja. Katika lugha ya C kila neno hufuatwa na sifuri isiyoonekana, inayosema "nimeishia hapa." Sifuri hiyo nayo inataka pa kukaa. Zawena alihesabu wageni wa karamu, akamsahau mpishi.

Mbona basi miaka mitatu ilipita salama? Desturi ndiyo iliyoficha. Kule milimani mtoto hapewi jina kabla ya siku ya saba. Wauguzi waliandika "Mtoto wa," kisha jina la mama. Na kwa kuwa muuguzi ana mikono miwili na wagonjwa ishirini, walifupisha: "Mtt wa Fulani." Hakuna jina lililowahi kufika arobaini.

Ikafika siku mama mmoja, Mwanakombo, alipojifungua kwa upasuaji, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto wa kike, mdogo, hajafika hata kilo moja na nusu. Mwanakombo alikuwa bado hajazinduka. Aliyesimama mlangoni ni mama yake, Bi Sihaba, mwenye wajukuu saba, wote wa kiume. Miaka yote hiyo alikuwa akisubiri wa kike achukue jina lake.

Nesi Mwajabu alimlaza mtoto katika kitanda cha joto, akaanza kuandika: Mtt wa Mwanakombo Rama...

"Hapana, Nesi," alisema Bi Sihaba.

"Hapana nini tena, bibi?"

"Yule pale dirishani naye ni Mwanakombo Ramadhani. Naye amezaa wa kike. Kesho mnibadilishie mjukuu? Andika lote, na la ukoo."

"Bibi, tunafupishaga."

"Wa kwangu msimfupishe. Mwenyewe amekuja mfupi tayari."

Nesi Mwajabu alicheka, akafuta, akaandika lote. Mtoto wa Mwanakombo Ramadhani Shelukindo. Hesabuni wenyewe, na nafasi zilizo kati ya maneno: ni arobaini kamili. Kipimo cha mlangoni kikasema pita. Sifuri ya mwisho ikakosa kiti, ikamwangukia mlinzi. Na nyuma ya mlinzi, jirani kabisa, ndipo ilipokaa namba ya joto la kumpa mtoto.

Kitanda kikapiga kelele. Taa ikawa nyekundu, joto likazimika.

"Zima uwashe tena!" alisema muuguzi mwenzake, maana hiyo ndiyo dawa ya mashine zote nchini.

"Siwashi," alisema Nesi Mwajabu. "Kinacholia kina neno. Nikikinyamazisha, nitalijuaje?"

Vitanda vingine vilikuwa vimejaa. Mikono ya Bi Sihaba ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika hata kikombe. Nesi Mwajabu alifungua vifungo vya sare yake, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga, na blanketi juu. Akakaa. Kisha akamwambia mwenzake apige simu karakana na awasomee kilichoandikwa, herufi kwa herufi, bila kufupisha. Alikaa hivyo tangu chai ya asubuhi hadi alasiri. Hakula, hakuinuka, na mkojo aliuzuia.

Zawena ndiye aliyepokea simu. Aliandika jina kwenye karatasi, akalihesabu kwa ncha ya kidole. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Alijua palepale. Mstari ule ulikuwa wake, na kulikuwa na mtoto asiye na joto kwa sababu yake.

Bi Eliwaza alichukua karatasi, naye akahesabu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Tunarekebisha kwanza," alisema. "Kulia baadaye."

Zawena aliongeza nafasi moja, akapanda kwenda hospitali kwa miguu katika ukungu, akakirekebisha kitanda. Alasiri joto likarudi na mtoto akarudishwa. Angeweza kuishia hapo. Nafasi moja imeongezwa, mtoto mzima, kila mtu ashike njia yake.

Hakuishia hapo. Siku tatu alikaa na programu yote mbele yake, mstari kwa mstari. Alikuta mahali mia tatu na kumi na mbili panapomiminwa maneno, na kumi na tisa kati ya hapo palikuwa na kosa lilelile la kumsahau mpishi. Hakuziba viraka. Aliandika kisanduku kipya kinachotembea na kipimo chake mwenyewe: ukubwa wangu ni huu, nimejaa hadi hapa. Akaweka njia moja tu ya kumiminia, na njia hiyo hupima kabla ya tone la kwanza, na sifuri ya mwisho imo katika hesabu. Kisichoenea hakikatwi mkia kimyakimya, maana ukimkata jina Mwanakombo, atakuwa Mwanakombo wa dirishani. Kinakataliwa, na muuguzi anaambiwa. Amri za zamani za kumimina alizipiga marufuku. Ukiandika mojawapo, programu haijengeki.

Kisha akavizungukia vitanda vyote thelathini na kimoja katika hospitali tano. Vile vinne visivyo na walinzi alivianza. Kila alipofungua kimoja na kukuta mtoto amelala salama, alitoka nje akashika ukuta. Humo jina lile lingeingia, sifuri ingeangukia joto lenyewe, na mtoto angepoa taratibu bila mlio wowote. Walinzi akawarudisha.

Siku ya saba ikafika. Walikutana wodini, maana mtoto alikuwa bado hajaruhusiwa. Bi Sihaba alileta chai ya tangawizi na maandazi. Mwanakombo alikuwa ameketi kitandani, uso umerudiwa na rangi.

"Jina la mtoto huyu lilikuwa langu," alisema Bi Sihaba. "Nimelisubiri kwa wajukuu saba. Leo naliachia. Mtoto atakuwa somo wa aliyemwokoa. Lakini mko watatu, na mimi sikusoma. Semeni wenyewe."

Wakatazamana. Maandazi yalikuwa yanapoa.

"Mimi nitasema," alisema Bi Eliwaza. "Mtoto huyu hajanijua, wala mimi sijamjua. Lakini kabla mama yake hajaolewa, mimi nilishaweka mlinzi mlangoni kwake. Nilichekwa. Asingekuwapo mlinzi, kitanda kingesoma sifuri na kunyamaza, na taa ingebaki ya kijani. Nesi angekunywa chai yake. Mimi ndiye niliyekifundisha kitanda kulia."

"Kweli kililia," alisema Nesi Mwajabu. "Nakuheshimu, mama yangu. Lakini kulia si kupasha joto. Mlinzi wako alizima joto akakaa pembeni. Saa zote zile joto lilikuwa langu, la mwili wangu huu. Tena ningefanya kama wengine, nikazima nikawasha, kosa lingejificha hadi leo. Mtoto anaokolewa na aliyembeba."

Wote wakamgeukia Zawena. Zawena, mwenye maneno kuliko wote, alikuwa anatazama chini. Alilitaka jina lile. Hakuwa na mtoto, na katika siku zile tatu, kila macho yalipomuuma, alijisemea kwamba huenda pakawa na Zawena mwingine mdogo duniani. Hakuna aliyelijua la walinzi wa vile vinne. Angenyamaza, lingezikwa.

"Vitanda thelathini na kimoja," alisema polepole. "Mtoto yeyote atakayelazwa humo, wa jina lolote, yuko salama. Hiyo kazi nimeifanya mimi. Nyie mmeokoa mmoja. Mimi nimeokoa na ambao hawajazaliwa. Lakini kosa nalo ni langu. Kisanduku nilikiandika mimi. Na kwenye vitanda vinne... Bibi, niliwaondoa walinzi wako. Sikukuambia. Nilikuona mzee."

Bi Eliwaza alichukua andazi kubwa kuliko yote, akamsogezea Zawena.

"Kula," alisema. "Umekonda."

Zawena akala huku analia, na nawaambieni, andazi halijawahi kuliwa kwa machozi mengi hivyo.

Ndipo Mwanakombo akafungua mdomo. "Na wewe, mama?"

"Mimi nini?"

"Wote walifupisha miaka mitatu. Ni wewe uliyekataa. Jina lingeandikwa nusu, kosa lingekuwa bado limelala, linasubiri mtoto mwingine katika vile vinne. Tena hata leo unaachia ulichosubiri miaka yote."

"Mimi ni mbishi tu," alisema Bi Sihaba.

"Apewe yote manne!" alidakia Nesi Mwajabu. "Eliwaza Mwajabu Zawena Sihaba. Si Zawena amesema lolote litaenea?"

"Litaenea," alisema Zawena, akicheka na kamasi.

"Kwenye mashine," alisema Bi Sihaba. "Mdomoni je? Ukimwita mtoto kwa majina manne, uji utapoa kabla hajaitika. Mtoto ana jina moja la kuitwa."

Akavuta kadi ya kliniki, akampa Nesi Mwajabu kalamu. Mtoto ndani ya kioo alipiga miayo, mdomo hautoshi hata kijiko. Juu ya kitanda bado paliandikwa Mtoto wa Mwanakombo Ramadhani Shelukindo, lote, halijakatwa hata herufi, na joto lilikuwa pale linapotakiwa. Kwenye kadi, mbele ya neno Jina, palikuwa peupe.

Kalamu iko juu ya karatasi mpaka sasa, wenzangu, na mtoto anasubiri kuitwa. Kuna aliyemwekea mlinzi. Kuna aliyempa joto lake. Kuna aliyekosa, akaungama, akawakinga wote wajao. Kuna aliyekataa jina lisifupishwe, kisha akaliachia lake. Je, nani alistahili? Mwambieni Nesi aandike nini?