Onyo Lenye Kiitikio

Mtu mmoja alikuwa na bonde la mpunga, na watu wengi walilima humo kwa ruhusa yake. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, akajenga madungu mawili ya kulindia ndege. La pembezoni, karibu na matete wanakolala kweleakwelea, alimpandisha mwanamke aitwaye Sikudhani. La katikati alimpandisha Mfaume, mtu mcheshi, awachangamshe watu.

Desturi ilikuwa moja. Sikudhani akipiga ukelele, kila mtu aache alichoshika, hata kama chungu kiko motoni, akimbie na debe lake akaligonge mpaka ndege wageuze njia. Na ukelele haukuchagua saa. Hakuna aliyeupenda. Sikudhani mwenyewe hakuupenda. Lakini aliupiga, maana majaruba yake yalikuwa ndani ya bonde lilelile, na wanawe hawakuwa na chakula kingine cha mwaka.

Mfaume yeye aliimba. Aliimba nani kakimbiwa na mkewe, nani kaanguka topeni na suruali mpya. Bonde zima likaitikia na kupiga makofi. Loo, alipendwa mtu yule! Taratibu watu wakageuza vigoda vyao, migongo ikaelekea kwenye matete. Sikudhani akiita, wanakuja wachache, nao wananung'unika: "Huyu mama na ndege wake!"

Mwenye bonde akaliona hilo. Akamwambia Sikudhani atie utamu kidogo katika sauti yake, la sivyo ashuke dunguni, na majaruba apewe mwingine. Mama wa watu akabaki juu ya dungu lake akipima. Asipoimba, atafukuzwa. Akiimba, je, watajua kuwa ni onyo? Mwisho akajipa moyo kwamba heri wasikie kwa wimbo kuliko wasisikie kabisa. Hofu ina maneno matamu, jamani.

Asubuhi moja anga juu ya matete ikawa nyeusi. Ukelele ukamfika Sikudhani kooni, akaumeza. Akaimba: "Wamekuja, wamekuja!" Na watu, kwa mara ya kwanza, wakamgeukia kwa furaha. Wakamwitikia: "Wamekuja!" Akazidisha sauti, machozi yakimtoka, nao wakazidisha makofi. Akauacha wimbo, akapiga ukelele wa kweli, ule wa zamani. Wakadhani ni madoido ya mwimbaji, wakamshangilia. Mfaume naye akapiga vigelegele huko katikati, hana habari.

Kweleakwelea wakatua. Walipoinuka, masuke yalikuwa matupu, ya Sikudhani na ya wenzake wote. Mwenye bonde akaja mbio, anahema, akamuuliza kwa ukali kwa nini hakuwaambia.

"Niliwaambia, bwana," akajibu Sikudhani. "Mkaitikia."

Basi ndugu zangu, ninyi mnaofungua redio mkataka mchekeshwe kwanza ndipo mpewe habari, nijibuni neno moja: watoto wa bonde lile wakilia njaa, wamlaumu mlinzi aliyeumeza ukelele wake, au wawalaumu wazazi wao waliomfundisha kuumeza?