Radhi ya Nyumba ya Mwisho

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemen, aliishi mjane mcha Mungu akiitwa Bibi Jumana, muoka mikate. Zamani zile, aliyenuia kuhiji alipita kwanza nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na mji mzima ukamlilia na kumwombea. Wallahi, nikikumbuka habari za mji kama ule, natamani ningeliuona. Lakini msidhani watu wake walikuwa malaika.

Mwaka mmoja aliyenuia Hija alikuwa Ghanim bin Wadaa, mshona matandiko ya ngamia. Miaka mitatu nyuma, wanaume wakiwa kwenye sala ya Ijumaa, Ghanim alivunja mlango wa Bibi Jumana ili aibe, akampiga hadi akamvunja mkono. Akahukumiwa, akafungwa, akatoka, akatubu. Toba yake ilikuwa ya kweli, sikatai. Akazunguka mji wote akiomba radhi, na nyumba ya Bibi Jumana akaiweka ya mwisho. Ya mwisho! Tena hakwenda peke yake, alikwenda na kundi la watu.

"Bibi Jumana," wakaita, "ndugu yetu anakwenda kwenye nyumba ya Mola wake. Tamka tu kwamba umemwia radhi. Msafara unasubiri."

Akajibu kutoka ndani: "Leo mmepiga hodi. Siku ile hakupiga."

"Bibi wee, moyo gani huo? Pepo huitaki?"

"Naitaka, ndiyo maana sitasema uongo. Moyo wangu haujaridhika. Nikitamka, atafika Makka amebeba uongo wangu."

Wakampeleka kwa Kadhi Abdulmuizz, wakitaraji atamwamuru asamehe. Kadhi akawasikiliza wote, kisha akauliza: "Miaka mitatu hii, ni nani kati yenu amemuuliza mama huyu anahitaji nini?"

Kisha akamgeukia Bibi Jumana.

"Basi nakuuliza mimi, mama. Nimechelewa, lakini nakuuliza."

Bibi Jumana akasema: "Sheikh, mkono nimeuzoea. Lakini siku ya kesi, Ghanim alijitetea kwamba nilimfungulia mlango kwa hiari yangu. Wewe hukumsadiki. Mji ukamsadiki. Wanawake wameacha kununua mkate wangu, binti yangu hajaposwa hadi leo. Huyu amepita kila nyumba kuomba radhi, na hakuna hata moja alikosema kwamba alinisingizia."

Kadhi akainamisha kichwa. "Nami nina fungu langu katika kosa hili. Niliuhukumu mkono wake, nikausahau ulimi." Akamgeukia Ghanim: "Umesikia. Sikulazimishi. Ngamia wako yuko langoni, mzigo umeshafungwa."

Jirani mmoja akamnong'oneza Ghanim: "Twende zetu bwana, utasema ukirudi."

"Na nikifa njiani?" akauliza Ghanim. Akaenda langoni, akashusha mzigo wake, na msafara ukaondoka akiutazama.

Kisha akaanza upya, nyumba kwa nyumba, siku tisa. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Mimi ndiye niliyeuvunja mlango wa Bibi Jumana. Hakunifungulia. Nilidanganya ili nijiokoe." Wale wale waliomlilia wakamfungia milango, mmoja akamtemea mate. Akafuta uso, akaenda nyumba ya pili. Kwa Bibi Jumana hakufika, kwa kuwa bibi aliomba asimkaribie, naye akaliheshimu ombi hilo.

Wanawake wa mtaa wakarudi, wameona haya. Hawakuja na hotuba. Mmoja alimkandia unga, mwingine akamsindikiza kisimani, na hivyo ndivyo walivyoendelea, kwa zamu.

Mwaka uliofuata, kadhi akamtuma mkewe kwa Bibi Jumana kuuliza kama sasa moyo wake umeridhika, si kuamuru.

"Mwambieni aende," akasema Bibi Jumana. "Nimemwia radhi. Ningelisema hivi mwaka jana, ningelikuwa mwongo."

Enyi wenzangu katika imani, msamaha ni jambo tukufu; hilo sibishani nalo. Ninalobishana nalo ni pupa yetu. Aliyeumizwa tunamfikia baada ya wote, mikono mitupu, na bado sisi ndio tunaodai atupe kitu! Tena akisita tunamwita mgumu wa moyo. Mola awarehemu wawili wale, yule aliyekataa kusema uongo na yule aliyekubali kusema kweli, na atujaalie sisi tumuulize aliyedhulumiwa "umepungukiwa na nini?" kabla ndimi zetu hazijamwambia "samehe".