Feruzi na Chambo Kisicho cha Sultani

Hapo zamani, katika mji uliokuwa kando ya ziwa, aliishi maskini mmoja jina lake Feruzi, mtu wa maneno mengi na ndevu nyingi zaidi. Mali yake yote ilikuwa mtumbwi wenye viraka, na mke mwenye subira, Bi Zamda. Wenziwe walivua kwa minyoo, yeye akakataa; alisema mnyoo naye ana mama yake. Basi akawa anachonga visamaki vya mti ili awahadae samaki wa kweli, na visamaki hivyo, nawaambieni, vilimhadaa yeye kwanza. Cha kwanza alikichonga kwa mpingo, kikazama moja kwa moja na mshipi wake, wala hakikuonekana tena. Cha pili akakichonga kwa mti mwepesi, kikaelea chali, tumbo juu, na samaki wakakikwepa kama watu wanaokwepa msiba usiowahusu. Cha tatu alikipamba kwa manyoya ya jogoo, na kabla hajafika ziwani jogoo mwenyewe akakirukia kwa hasira, ndoana ikamnasa. Ikawa siku ile Feruzi amevua kuku.

Cha nne ndicho kilicholeta balaa. Feruzi alisimama gatini, akauzungusha mshipi juu ya kichwa ili autupe mbali, wala hakutazama nyuma. Nyuma alikuwa akipita Sultani Hamdun na watu wake. Ndoana ikashika kilemba cha Sultani, kilemba kikaruka, kikatua majini, na upara wa Sultani, ambao hata wake zake walikuwa wakiusikia tu, ukang'aa mbele ya mji mzima.

Basi Feruzi akaburutwa hadi barazani.

"Ewe Feruzi," akasema Sultani, "nchi hii ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana wangu."

"Na miti? Na chuma, na nyuzi, na manyoya, na minyoo?"

"Vyako vyote, Mungu akuzidishie."

"Vema. Wajidai fundi wa chambo, nami nakupa siku saba. Uniletee chambo kisicho na kitu changu hata kimoja, ukivulie samaki mbele ya macho yangu. Ukishindwa, utauhama mji huu wewe na mkeo, wala msirudi hata kwa kuzikwa!"

Feruzi akarudi nyumbani. Bi Zamda aliposikia hukumu akaketi chini akalia, kwa maana wazazi wake walizikwa katika mji ule, na kuta za nyumba ile alizikandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Jamani, mume wangu, si ungevua kwa minyoo kama watu!"

Feruzi akaketi karibu naye, akaanza kuzihesabu siku saba kwa vidole. Aliogopa kweli.

Siku tatu alihangaika. Akiokota mfupa, akumbuka mbuzi ni wa Sultani. Akiokota ganda la konokono, akumbuka ziwa nalo ni la Sultani. Siku ya nne, amechoka hoi, akainama gatini anawe uso, na ndevu zake zikaelea majini. Mara kitu kikamvuta kidevu, nusura aingie ziwani kichwa mbele! Akajiinua kwa ukelele, kumbe kambare ananing'inia kidevuni. Meno ya kambare ni madogo na mengi kama msasa, nayo yalikuwa yamenaswa katika ndevu asiweze kuachia. Feruzi akalia kwa maumivu, kisha akaanza kucheka, akacheka hata Bi Zamda akaja mbio akidhani mumewe amerukwa na akili.

Kesho yake akaenda barazani, kadhi na waziri wakiwapo, akapiga magoti.

"Seyyid, nimekuja kuuliza nisije nikaiba. Kwato za punda ni za nani?"

"Zangu."

"Na utando wa buibui?"

"Wangu, mpumbavu wewe!"

"Na ndevu zangu hizi, zenye chawa?"

Sultani akaziba pua. "Niondolee uchafu wako! Ndevu hizo ni zako wewe, na chawa wake ni wako. Kadhi, andika, watu wasije wakanizulia."

Kadhi akaandika.

Siku ya saba mji mzima ukakusanyika gatini. Feruzi akaja mikono mitupu, akalala kifudifudi, akateremsha ndevu zake majini.

"Chambo ki wapi?" akauliza Sultani.

"Kiko kazini, Bwana wangu. Nakuomba usipige kelele."

Jua likapanda, watu wakanong'ona, Bi Zamda akauma upindo wa kanga yake. Mara Feruzi akapiga ukelele, akasimama wima, na kidevuni mwake akining'inia kambare urefu wa mkono! Gati likatikisika kwa vigelegele. Sultani akaona anashindwa mbele ya raia zake, akapaza sauti:

"Samaki huyo ametoka katika ziwa langu. Ni wangu!"

"Ni wako, sina ubishi," akajibu Feruzi, machozi yakimtoka. "Mchukue, nawe ufanye haraka. Ila ndevu ni zangu kwa mwandiko wa kadhi. Nakusihi usiondoke na hata unywele mmoja."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama karatasi yake, akakohoa, akasema mwandiko ndivyo usemavyo. Basi Sultani akakunja mikono ya joho, akaanza kuchambua ndevu za maskini, unywele baada ya unywele, na kambare akimchapa mkia mashavuni. Watu wakajizuia kucheka mpaka mbavu zikawauma. Hatimaye samaki akatoka, Sultani akamshika juu kwa ushindi.

"Bwana wangu," akasema Feruzi kwa adabu, "kuna chawa anapanda joho lako. Naye ni wangu, mwandiko upo. Naomba unirudishie."

Sultani akatazama joho, akamtazama Feruzi, akaangua kicheko hata kambare akamponyoka na kurudi zake ziwani.

"Baki mjini, ewe Feruzi!" akasema alipopata pumzi. "Baki na mkeo na chawa wako wote. Na joho hili nalo lichukue, maana silivai tena mimi!"

Bi Zamda hakungoja la pili. Alikwenda nyumbani moja kwa moja akafungua mizigo aliyokwisha kuifunga kwa safari, akainjika chungu mekoni. Na tangu siku ile, kila Sultani Hamdun alipotaka kusema kwamba vyote vya nchi ile ni vyake, alianza kwanza kujikuna.